Unayeanza kupima programu, anza na unachokijua

Wasichana wanaotaka kuingia kwenye kazi yangu ya kupima ubora wa programu karibu wote huniuliza: dada, nianze na zana gani? Wameona matangazo ya ajira yamejaa Selenium, Cypress na Postman, wakaona asiyezijua hana pa kushika. Mimi huwaambia waziweke kando kwanza. Zana mtu anafundishwa akazizoea. Kinachochelewa kukomaa ni jicho la kuona mahali ambapo programu itamkwamisha mtumiaji, na nusu ya jicho hilo unalo tayari, kwa sababu umekulia hapa hapa Tanzania.

Chukua jina la mtu. Kila mgeni wa kazi ninayemlea, mimi humpa fomu ya kusajili mteja na kumwambia aipime. Ataandika Juma Ali, atabonyeza, itapita, atanijia kusema iko sawa. Namuuliza: shuleni kwenu hapakuwa na Ng'wandu? Hapo ndipo kazi inapoanza. Fomu nyingine humkataa Ng'wandu palepale, kwa kuwa aliyeiandika aliruhusu herufi za A hadi Z peke yake. Nyingine humpokea lakini humhifadhi kama Ngwandu, na siku jina hilo likilinganishwa na la kwenye kitambulisho cha taifa, hayafanani, mteja anaambiwa si yeye.

Tukifika hapo wengi hudhani tumemaliza, kumbe bado. Ritifaa, yaani kile kialama cha juu kwenye Ng'wandu, ziko za aina mbili: iliyonyooka, na iliyopinda ambayo simu nyingine, iPhone zikiwamo, huiweka zenyewe mtu anapoandika. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Jina hilo huingia pia kwenye SMS ya risiti anayotumiwa mteja. SMS ya kawaida hubeba herufi 160, mradi zote ziwe katika seti ya GSM, yaani orodha ya herufi za msingi za mitandao ya simu. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye seti hiyo, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa usimbaji, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa, na nafasi hushuka hadi herufi 70. Na ujumbe ukizidi hapo ukagawanywa, kila kipande hubeba 67. Kwa hiyo risiti ya herufi 150, iliyokuwa SMS moja kwa Juma, kwa Ng'wandu mwenye ritifaa iliyopinda inakuwa SMS tatu, na kampuni inazilipia zote. Ninapenda sana kumwona mtu akiligundua hili kwa mara ya kwanza, maana kuanzia siku hiyo haamini tena kwamba kuna sehemu ndogo kwenye fomu.

Saa nazo ziangalie. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazoendesha programu, hutunza muda kwa UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, nasi tuko saa tatu mbele. Muamala wa saa 7 usiku wa kuamkia Julai 1, programu isipogeuza muda vizuri, utaingia kwenye ripoti ya Juni 30, yaani mwaka wa fedha wa serikali uliokwisha. Pima kati ya saa 6 na saa 9 usiku. Mchana hutaiona kasoro hiyo.

Kuiona kasoro ni kazi moja, kuiandika ni nyingine, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. "Jina halikubali" si ripoti. Andika umetumia simu gani na toleo gani la programu, umebonyeza nini kwa mpangilio upi, ulitarajia nini, kimetokea nini, kisha weka picha ya skrini. Divelopa, yaani aliyeiandika programu, aweze kuirudia kasoro bila kukupigia simu. Na usimtaje mtu. Andika "fomu inakataa ritifaa", usiandike "fulani amesahau ritifaa". Mtu akijiona ameshtakiwa, atatetea msimbo wake wa programu badala ya kuurekebisha.

Kwa wanawake wenzangu nina neno la ziada. Kuna maofisi ambako upimaji hupewa wasichana kwa sababu unadhaniwa ni kazi nyepesi, ya kubonyeza-bonyeza. Nimeyasikia hayo nikiwa nimekaa mezani, na yaliniuma. Mpimaji anayesoma kumbukumbu za seva, anayeandika mwenyewe SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kuthibitisha kama fedha iliyotoka huku imefika kule, hana wepesi wowote. Ndiyo maana mimi huwafundisha ninaowalea SQL mapema, kabla ya majaribio ya kiotomatiki. Na kwenye kikao cha kuamua kama toleo jipya litoke, aliyeiona kasoro ndiye anayeieleza, hata kama ana mwezi mmoja kazini. Mimi nikimsemea, watamzoea kama msaidizi wangu.

Cheti cha ISTQB, cha kimataifa cha wapimaji wa programu, nacho huulizwa sana. Kina faida pale mwajiri anapokitaja, lakini hakitangulii mazoezi. Mtihani wa ngazi ya msingi una maswali 40 kwa dakika 60, na unafaulu ukipata 26. Wengi hawajui kwamba anayeufanya kwa lugha isiyo yake ya kwanza huongezewa asilimia 25 ya muda, ambayo ni dakika 15. Kwa hiyo wewe uliyelelewa kwa Kiswahili au Kisukuma, ukiufanya kwa Kiingereza, omba muda huo wakati wa kujisajili, usisubiri siku ya mtihani.