Masika, kupe wa Popi na viota vya nyuma ya nyumba

Wiki ya pili sasa mvua inanyesha Kisumu kila jioni, unajua ile ya kwetu, jua linawaka vizuri mpaka saa tisa halafu wingu linapanda, upepo unapiga mabati, na nusu saa baadaye mtaro umefurika. Asubuhi yake ndio naipenda sana. Nyasi zimeamka, kumbikumbi wameacha mabawa kila mahali kwa veranda, na ule mwarobaini wetu wa karibu na geti una kelele kama soko la Kibuye siku ya Jumapili.

Mimi ni daktari wa wanyama, kazi yangu kubwa ni mbwa na paka wa mjini na ng'ombe wa maziwa wachache upande wa Kajulu, na nyumbani nina mbwa mmoja anaitwa Popi, wa miaka minne, wa kienyeji kabisa, manyoya mafupi ya kahawia. Kila mwaka kuanzia mwezi wa tatu simu zinazoingia huwa za aina mbili. Ya kwanza, "Daktari, mbwa hali chakula tangu juzi na ufizi umekuwa mweupe." Ya pili, "Daktari, mbwa ameshika katoto ka ndege, sasa tufanye nini, watoto wanalia huku." Watu wanaona hizo ni shida mbili zisizojuana. Mimi naona ni shida moja, juu zote zinatoka kwa uwanja mmoja na mvua moja, na vile unatibu hii unaweza kuharibu ile. Hiyo ndiyo nataka tuongee leo.

Kwanza kuhusu huu msimu wenyewe. Kule Ulaya ndege wanaanza kujenga siku zikianza kuwa ndefu baada ya baridi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wa mwezi wa kwanza na wa mwezi wa sita karibu unatoshana, kwa hivyo ndege wetu wengi wanafuata mvua. Mvua inaleta majani mabichi, majani yanaleta viwavi na panzi, na kinda hata wa ndege ambaye akikomaa atakula mbegu tu anahitaji wadudu ndio akue haraka. Na hiyo mvua hiyo hiyo inampa kupe unyevu anaoutaka ili mayai yake yasikauke.

Kwa mwarobaini wetu waliojaa ni wale ndege wa manjano wenye kichwa cheusi, wengine wanawaita mnana, wengine kwera, Wajaluo wanasema osogo. Kama hujawahi kukaa chini na kikombe cha chai ukawaangalia, tafadhali jaribu. Dume ndiye anasuka. Anaenda kwa mahindi ya jirani ama kwa mgomba, anakata ukingo wa jani kwa mdomo halafu anaruka nalo ili lichanike lenyewe, anarudi na uzi mrefu kijani. Anaanza na pete, anasimama ndani ya hiyo pete, na kila kitu kingine anakijenga mbele na nyuma yake mpaka kinakuwa kibuyu chenye mlango kwa chini. Akimaliza ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapigapiga mabawa na kupiga kelele akiita majike. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyuzi kupima, na asipopenda anaenda zake. Kiota kikishakauka kikawa cha kahawia bila jike kukubali, dume anakibomoa mwenyewe anaanza kingine mahali pale pale. Ndio maana asubuhi unakuta viota vimeanguka chini vikiwa vizima hata bila upepo, watu wanadhani ni nyoka ama watoto wenye manati.

Na hawaji kwa boma za watu kwa bahati mbaya, wanapenda miti iliyo karibu na nyumba kwa sababu pale tunapopitapita sisi na mbwa wetu, mwewe na nyoka hawatulii. Yaani Popi akibweka pale geti anawalinda bila kujua.

Lakini aliyenifanya niandike sio mnana, ni shomoro. Kuna jozi iliyojenga ndani ya bomba la chuma kwa paa la stoo. Miaka iliyopita nilikuwa na tabia moja niliyoiona ni ya upendo kabisa, nikimchana Popi nakusanya yale manyoya yaliyotoka naweka kwa fensi, na shomoro wanakuja wanabeba mdomo umejaa wanapeleka ndani, juu manyoya yanatandika kiota vizuri, mayai yanakaa joto, makinda wanalalia kitu laini. Niliwaonyesha watoto, niliwashauri hata wateja wafanye hivyo. Halafu mwaka wa 2025 nikasoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Walichukua viota 103 vya aina mbili za ndege wadogo wa bustani za kule, viota vilivyotandikwa manyoya ya wanyama, wakapima dawa za wadudu. Fipronili ilikuwa kwa kila kiota. Kila kimoja. Imidaklopridi na permethrini kila moja ilikuwa kwa asilimia 89 ya viota. Na pale dawa zilipokuwa nyingi zaidi ndipo walikuta mayai mengi yasiyoanguliwa na makinda wengi waliokufa.

Hizo dawa tatu nazijua kwa majina kama ninavyojua watoto wangu. Fipronili kule Ulaya hairuhusiwi tena kwa mimea ya shambani lakini kwa mbwa na paka inaendelea kuuzwa, na huku kwetu iko kwa rafu ya kila duka la dawa za mifugo, ile ya kudondoshea shingoni na ile ya sprei. Nilikuwa nampaka Popi Jumamosi, Jumapili namchana, manyoya kwa fensi. Nilisikitika sana siku hiyo, sitaficha.

Sasa kuna msomaji ataruka hapo aseme basi niache dawa ya kupe. Hapana, hapana kabisa. Kupe wa kahawia wa mbwa sio mchezo, jike mmoja akishiba damu anashuka kwa mbwa anaingia kwa ufa wa ukuta ama nyuma ya kibanda na anaweza kutaga mayai elfu kadhaa, na watoto wake hatua zote mpaka ukubwa wanaweza kuishi kwa mbwa huyo huyo bila kuhitaji mnyama mwingine. Homa wanazoleta zinaua. Moja inaharibu damu taratibu, mbwa anakuwa mpole kupita kiasi, anatoka damu puani, ufizi unafifia, na matibabu yake ni doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa wiki 4 hivi, sio siku tano halafu unaacha juu ameanza kula. Nyingine ni babesia, hiyo inapasua chembe nyekundu za damu na unaona mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi. Ukiona mkojo huo usingoje kesho, mlete mbwa usiku huo huo. Mwezi wa nne ndio mwezi ninaotoa damu nyingi za kupima kuliko mwezi mwingine wowote, na mbwa anayeletwa siku ya pili huwa tunamwokoa, anayeletwa siku ya saba ni maombi.

Kwa hivyo swali ni dawa gani, lini, na manyoya yanaenda wapi. Mimi kwa Popi msimu wa mvua nilihamia vidonge, vile vya kumeza vinavyokaa mwezi mmoja ama mitatu kulingana na aina. Havipakwi kwa manyoya, hiyo ndiyo faida ninayoitafuta. Lakini vina mambo yake. Bei iko juu kuliko dawa ya kupaka, hiyo ni kweli na najua sio kila mtu ataweza. Mbwa aliyewahi kushikwa na kifafa asipewe kabla hujaongea na daktari, juu hizi dawa zinaweza kuamsha degedege. Na dawa nyingi ya namna hii inatoka mwilini kwa njia ya kinyesi, kwa hivyo nakusanya kinyesi cha Popi kila asubuhi nafukia shimo refu mbali na bustani, sikiachi kwa nyasi mahali ndege wanachakura wadudu.

Kama uwezo wako ni ile ya kudondosha shingoni, sawa, itumie, mbwa wako kwanza. Ila baada ya kumpaka, manyoya yake yanakuwa takataka yenye sumu mpaka dawa iishe nguvu na zaidi. Mchanie mahali pa sakafu, ufagie, ufunge kwa mfuko, utupe na taka. Usiweke kwa fensi, usipeperushe, usitupe kwa mbolea. Na zile za permethrini kama una paka nyumbani usizilete kabisa, paka akilala na huyo mbwa anaanza kutetemeka na anaweza kufa.

Kitu kingine kinanikera kweli ni dip ya ng'ombe, ile dawa ya kuogeshea mifugo kuua kupe. Mtu ananunua chupa ya amitrazi ya ng'ombe, anakadiria na kifuniko cha soda, anamwaga kwa ndoo, anamwosha mbwa nayo, halafu maji yote mtaroni. Mbwa analewa, moyo unapunguza mwendo, analetwa kwangu amelegea kama nguo iliyoloa. Na ule mtaro mvua ikija unaelekea mtoni na mto unaelekea ziwani, na zile dip nyingine za jamii ya permethrini zinaua samaki hata zikiwa kidogo sana majini. Sisi hapa tunakula kutoka kwa hilo ziwa.

Haya, ile simu ya pili, ya katoto ka ndege.

Kwa mlimau wetu kuna shore, yule ndege wa kijivu mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayeimba kabla hata adhana. Makinda wa shore wanatoka kiotani wakiwa na wiki mbili hivi au hata chini ya hapo, na wakati huo hawajui kuruka vizuri. Wanadondoka chini, wanarukaruka kwa nyasi, wanajificha kwa maua, na wazazi wanaendelea kuwalisha pale pale chini siku kadhaa. Hiyo sio ajali, ndivyo wanavyolelewa. Mtu anamwona amekaa tu na mkia mfupi, anaona huyu ameachwa, anambeba ndani anampa ugali na maziwa. Tafadhali usifanye hivyo, ndege hanywi maziwa na ugali hauna kile anachohitaji. Pia sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga ndege wa porini bila kibali.

Mwangalie tu. Kama ana manyoya na anasimama kwa miguu yake, mwache, au kama yuko njiani mweke juu ya tawi la karibu lenye majani. Kama hana manyoya kabisa, mwekundu, macho yamefungwa, huyo ndiye ameanguka kweli, mrudishe kiotani. Na kama kiota kimeharibika, funga kikapu kidogo pale pale kwa tawi, tandika nyasi kavu, mweke humo, usogee mbali. Ile imani kwamba mama atamkataa akinusa mkono wa mtu sio kweli, nimerudisha makinda mara nyingi na dakika kumi baadaye mama yuko pale na kiwavi mdomoni.

Anayebaki ni mbwa, na hapo ndipo watu wengi wanapata uvivu. Mbwa akiona kitu kinarukaruka kwa nyasi atakishika, hata awe mpole namna gani, na kumpiga baada ya tukio hakumfundishi chochote isipokuwa kukuogopa wewe. Rahisi ni kujua siku zenyewe. Nikiona shore wanabeba wadudu kuingia kwa mlimau natia alama kwa kalenda, naongeza siku kumi, na kuanzia hapo Popi anatoka na kamba asubuhi na jioni, ule wakati makinda wanasogeasogea zaidi. Mchana yuko upande wa mbele. Tunatembea zaidi nje ya geti ili asikasirike na kamba. Ni wiki moja na nusu kwa mwaka, labda mara mbili wakirudia kutaga.

Mara hii walitoka makinda wawili. Mmoja alichukuliwa na kunguru siku ya kwanza kabla sijamaliza chai, na hilo sikuwa na la kufanya. Mwingine alishinda siku tatu kwa mchaichai, halafu akahamia kwa ua la michongoma, na mimi kila asubuhi natoka na Popi kamba mkononi tunapita mbali kidogo, yeye anavuta, anageuza masikio, namwita jina namrushia kipande cha omena iliyokaushwa, tunaendelea.

Leo ni siku ya tisa. Saa moja asubuhi nimemwona juu ya mpapai, mkia umerefuka, mama yake amemletea kumbikumbi akammeza na bawa moja likabaki limening'inia mdomoni. Saa nne nikamfungulia Popi kamba. Alienda moja kwa moja pale kwa mchaichai, akanusa muda mrefu, akazunguka mara mbili, akalala hapo hapo juani.