Je, wajua kwa nini ndege ya Air Canada iliishiwa mafuta angani mwaka 1983?

Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa futi 41,000 angani, ikitoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa, injini moja ilipozimika. Muda si mrefu ikafuata ya pili. Matangi yalikuwa makavu. Hayakuvuja, wala hakuna aliyeiba mafuta. Kabla ya kuondoka watu walikuwa wamepiga hesabu kwa kalamu na karatasi, na kuzidisha, kutoa na kugawanya kwao kulikuwa sawasawa. Kosa lilikuwa kwenye namba moja tu: 1.77.

Kanada wakati huo ilikuwa inahama kutoka vipimo vya Kiingereza kwenda vya metriki, na ndege hizi za 767 ndizo zilizokuwa za kwanza katika shirika hilo kupima mafuta kwa kilo. Siku hiyo geji za mafuta hazikufanya kazi, kwa hiyo matangi yakapimwa kwa vijiti. Zikapatikana lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Basi iliyobaki ni kugeuza lita kuwa kilo, kuona pengo ni kubwa kiasi gani, na kuliita gari la mafuta.

Walizidisha 7,682 kwa 1.77 wakapata 13,597. Wakatoa kwenye 22,300, zikabaki 8,703. Wakagawanya tena kwa 1.77, wakaongeza takriban lita 4,917 na kuruka.

Ila 1.77 ni uzito wa lita moja ya mafuta yale kwa ratili (paundi). Kwa kilo ni 0.803. Sasa rudia hesabu ukiandika kipimo kando ya kila namba, usikiruke hata kimoja:

lita 7,682 × (ratili 1.77 ÷ lita 1) = ratili 13,597

Lita ya juu imekatana na lita ya chini, imebaki ratili. Hatua inayofuata ingekuwa kutoa ratili 13,597 kwenye kilo 22,300, na hapo hata mwanafunzi wa darasa la sita angeinua mkono. Namba zikiwa tupu hazilalamiki. Hesabu iliyotakiwa ni hii:

lita 7,682 × (kilo 0.803 ÷ lita 1) = kilo 6,169

Pengo ni kilo 16,131, sawa na lita 20,088. Waliongeza robo yake.

Hiyo sehemu iliyo ndani ya mabano ndiyo kigezo cha kubadilisha vipimo, na siri yake ni kwamba thamani yake ni moja. Kwa mafuta yale, lita 1 na kilo 0.803 ni kiasi kile kile, na ukigawanya kitu kwa kinacholingana nacho unapata moja. Kuzidisha kwa moja hakuongezi wala hakupunguzi mafuta. Kunabadilisha jina tu. Ndiyo maana unaruhusiwa kukipindua kigezo, lita juu na kilo chini. Swali linalowasumbua wengi, “hapa nizidishe au nigawanye?”, linajijibu lenyewe: kipimo unachotaka kukiondoa kiweke upande ambao kitakatika. (Joto halimo. Sifuri ya Selsiasi si sifuri ya Farenhaiti, kwa hiyo huzidishi kwa 1.8 ukaishia hapo. Lazima ujumlishe na 32.)

Abiria na wahudumu walikuwa 69, na wote walipona. Rubani Robert Pearson alikuwa mzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, na msaidizi wake, Maurice Quintal, aliwahi kutumikia kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Gimli, Kanada. Wakatua kwenye njia yake ya ndege, ambayo siku hiyo ilikuwa uwanja wa mashindano ya magari.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye mraba, na huo unatugusa mfukoni. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, inayouzwa kila kona ya Kenya kwa jina la sehemu ya nane ya eka. Ni futi za mraba 5,000. Futi 1 ni mita 0.3048, lakini ukizidisha mara moja utapata 1,524, na kipimo chake kitasomeka “futi mara mita”, kitu kisichokuwepo duniani. Kuna futi mbili za kukata, basi kigezo kinaingia mara mbili:

5,000 × 0.3048 × 0.3048 = mita za mraba 464.5

Hekta ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo ploti hiyo ni hekta 0.0465, na hekta ndizo zinazoandikwa kwenye hati ya Kenya. Eka kamili ni futi za mraba 43,560. Sehemu yake ya nane ni 5,445. Zimepungua 445, yaani mita za mraba 41 na ushei, zaidi ya vyumba vitatu vya mita 3 kwa 4. Ukiwa na hati mkononi, zidisha hekta zake kwa 2.471 upate eka. Sehemu ya nane ya kweli itakupa 0.125; ya 50 kwa 100 haivuki 0.115.