BIT ya 0.97 si ushahidi wa udongo uliosombwa

Nimeletewa tena rasimu ya tasnifu yenye sentensi ileile: fahirisi ya BIT (kipimo kinacholinganisha lipidi, yaani mafuta ya utando wa seli za vijidudu) ya mashapo ya mto ni 0.97, kwa hiyo lipidi za bakteria zilizomo karibu zote zimesombwa na mvua kutoka kwenye udongo wa bonde. Nimeikata kwa wino mwekundu, na kwa kuwa nimechoka kuikata, naieleza hapa.

Fahirisi hiyo, iliyochapishwa mwaka 2004, ni uwiano tu: tetraetha zenye matawi, ambazo ni lipidi za bakteria, zinagawanywa kwa jumla ya hizo zenyewe na krenakeoli, ambayo ni lipidi ya arkea, vijidudu vya seli moja visivyo bakteria. Krenakeoli ikiwa haba, jibu linasogelea 1 hata kama mto haukupokea koleo moja la udongo. Ilibuniwa kwa ajili ya baharini, ambako arkea ni wengi. Anayeipandisha hadi mtoni anapima uhaba wa arkea, kisha anauita mmomonyoko.

Isitoshe, bakteria wa mtoni nao wanazitengeneza. Katika mto Yenisei wa Siberia, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba lipidi za chembe zinazoelea majini hazikufanana na za udongo wa bonde, kwa sababu zilitawaliwa na isoma (molekuli zenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti) zenye methili kwenye kaboni ya sita, zinazoelekea kuongezeka pH inapopanda. Isoma hizo zina masi sawa na zile za kaboni ya tano. Kwenye safuwima za zamani, yaani mirija ya maabara ya kutenganisha molekuli, isoma hizo mbili zilitoka zimeshikana katika masi ya 1036 na pia katika 1050, nasi kila jozi tukaisoma kama kilele kimoja bila aibu.

Je, tuitupe rekodi ya mwaka 2007 iliyotokana na lipidi hizi katika mashapo ya mbele ya mlango wa mto Kongo, iliyoonyesha joto la bonde likipanda kutoka takriban nyuzi 21 hadi 25 tangu mwisho wa zama za barafu? Sioni sababu, ila siwezi tena kuisoma kana kwamba mto ni bomba lisilo na uhai.

Ili kujua kama lipidi zinatengenezwa papo hapo, tunatazama vichwa vyake, vikundi vinavyoshikana nazo seli ikiwa hai. Kichwa cha fosfati hung'oka upesi seli ikifa, kwa hiyo kukikuta ni dalili nzuri ya uhai. Kichwa cha sukari hudumu zaidi, na hapo ndipo ninaposita, kwani sijui ninatazama viumbe hai au mabaki yao. Watengenezaji wenyewe wa lipidi hizi hatujamaliza kuwatambua: Solibacter usitatus wa kundi la Asidobakteria alithibitishwa maabara, lakini nani anayefanya kazi hiyo katika tope jeusi lisilo na oksijeni, mimi sithubutu kumtaja.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka nimsomee alete udongo wa kingo, chembe za majini na tope, vyote vya msimu mmoja na vilivyopitishwa kwenye safuwima moja. Rasimu ile ilikuwa na sampuli za tope tupu; udongo haukuchotwa hata kijiko.