Ubaguzi au Uonevu? Maneno ya Kupambanua Kabla Askari Hajaandika Malalamiko

Askari wa polisi akinyimwa kozi ya cheo, neno la kwanza kumtoka ni "nimebaguliwa". Huenda ni kweli. Lakini atakayeisoma barua yake atatafuta jibu la swali moja ambalo barua nyingi hazina: amebaguliwa kwa misingi ya nini?

Mkuu anayemtukana kila mtu gwaridani na kumpangia lindo la usiku yeyote aliyewahi kumbishia ni mwonevu. Uonevu una njia yake kwenye kanuni za nidhamu. Ubaguzi, kwa lugha ya sheria, lazima ushikane na sifa inayolindwa, yaani sifa ya mtu ambayo sheria inakataza abaguliwe kwayo. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unataja saba: mbari, rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, utaifa wa asili na asili ya kijamii. Ulemavu haumo, ulikuja kupewa mkataba wake wa Umoja wa Mataifa mwaka 2006. Sheria za nchi nyingi zimeongeza mengine kama umri na ujauzito, kwa hiyo fungua sheria yako kwanza, uone sifa yako inaitwaje humo, ulitumie neno hilohilo.

Kuna wanaosema polisi hakuna haki, kuna amri tu. Hapo wamechanganya. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 22, unaruhusu nchi kuwawekea polisi mipaka katika kuunda vyama, na unawataja waziwazi. Mkataba namba 111 hauna kifungu cha kuwatoa polisi. Unaweza kunyimwa chama cha wafanyakazi kisheria na bado ukabaki na haki ya kutobaguliwa.

Kinachoangusha wengi ni mtu wa kujilinganisha naye. Ukidai umetendewa vibaya kuliko mwenzako, mwenzako huyo awe katika hali kama yako, isipokuwa ile sifa. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo iliamua shauri la ofisa wa kike wa Ireland ya Kaskazini aliyeondolewa kazi ya kuwafanyia askari tathmini. Alijilinganisha na wanaume wawili wa cheo chake walioachiwa kazi hiyo. Akashindwa: yeye alikuwa amelalamikiwa kuhusu tathmini zake, wale hawakulalamikiwa. Cheo kimoja hakitoshi.

Ubaguzi usio wa moja kwa moja ndio unaoeleweka vibaya zaidi, kwa sababu kanuni yake huonekana ya haki kabisa. Ugiriki iliwahi kutaka kila anayeomba chuo cha polisi, mwanamume kwa mwanamke, awe na urefu usiopungua mita 1.70 bila viatu. Mwombaji mmoja wa kike alikuwa na mita 1.68. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ikaamua mwaka 2017: kanuni ni moja kwa wote, lakini inawatupa nje wanawake wengi zaidi kuliko wanaume, na si kila kazi ya polisi inahitaji nguvu nyingi. Hata pale nguvu zinapohitajika, kuna vipimo vya kuzipima bila kushika rula. Kwa hiyo ukikutana na sharti la namna hii, usihangaike kuthibitisha kwamba mkuu ana chuki. Onyesha hesabu: wangapi wa kundi lako wameangushwa na sharti hilo, wangapi wa kundi jingine. Halafu uliza sharti linapima kazi gani hasa.

Na ile kauli ya "tunawalinda akina dada" nayo ichunguzwe. Mwaka 1986 mahakama hiyohiyo ya Ulaya ilisema hatari inayomkabili askari yeyote mwenye silaha, mwanamume au mwanamke, haiwi sababu ya kumwondoa mwanamke kazini kwa jina la kumlinda.

Unyanyasaji hauhitaji kurudiwa ili uhesabiwe. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unasema tendo moja linaweza kutosha. Kulipiziwa kisasi ni kosa la peke yake: uhamisho wa ghafla wiki mbili baada ya barua yako unaweza kusimama kama dai hata lile la kwanza likianguka, ilimradi ulilalamika kwa nia njema. Ndiyo maana tarehe ni mali.

Sasa tazama uandishi wenyewe. "Mkuu wa kituo ananibagua na kunichukia tangu nilipofika" ni sentensi isiyoshikika popote. Linganisha na hii: "Tarehe 4 Machi orodha ya kozi ya usajini ilibandikwa. Walioteuliwa ni wanaume sita. Watatu kati yao tuliajiriwa pamoja, na alama zao za tathmini ziko chini ya zangu. Nilipouliza, mkuu alinijibu mbele ya karani wa zamu: 'Una mtoto mchanga, kozi itakushinda.'" Humo mna tendo, sifa, watu wa kulinganishwa nao na shahidi, na neno "chuki" halikuhitajika.

Wakati barua inazunguka, endelea kutii amri halali na kuingia zamu. Askari anayesusia lindo humpa mkuu kosa la nidhamu lililo rahisi kuthibitisha, na kesi yake ya ubaguzi hukaa nyuma ya hilo. Vivyo hivyo usipige picha faili la upelelezi ili uonyeshe nani alipewa kazi gani. Taja namba ya faili na tarehe, uombe liitwe na anayechunguza. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, na uiweke nyumbani, nje ya kabati la kituo.