Maji ya moto ni ya bampa, mlango wa chuma uache

Wiki hii tena. Dada mmoja kaleta gari, mlango wa nyuma una bonyeo la ukubwa wa kiganja, na juu ya hilo bonyeo rangi imefanya malengelenge kama ngozi iliyoungua. Nikamuuliza, dada yangu, hapa pamepita nini? Akasema kaona video, unamwagia maji ya moto bonyeo linatoka lenyewe, akamwagia halikutoka, akaazima hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, akapasha mpaka rangi ikaanza kunuka, alafu akapuliza lile kopo la hewa baridi. Bonyeo liko palepale, kilichotoka ni rangi.

Yeye simlaumu. Hizo video ndo zimenichosha, maana zinachanganya vitu viwili visivyohusiana kabisa alafu mwenye gari ndo analipa.

Angalia vizuri video ya maji ya moto, karibu zote ni bampa. Bampa za sa hivi ni plastiki, nyingi ni polipropilini, na plastiki hiyo ukiipasha inalainika na inataka kurudi kwenye umbo iliyotokanalo kiwandani. Kwahiyo hapo maji yaliyochemka yanafanya kazi kweli, mi mwenyewe natumia. Unamwaga taratibu, unavaa glavu nene, unaingiza mkono kwa nyuma unasukuma kuanzia pembeni kuja katikati, likishakaa sawa unamwagia maji baridi ligande. Kama bampa imepasuka au imefanya mstari mweupe pale ilipojikunja, ule mstari haufutiki kwa maji. Na uchungulie nyuma yake kwanza, kuna povu na chuma cha kupokea kishindo, hivyo vikiwa vimevunjika bampa kurudi nzuri haisaidii kitu.

Sasa mlango, boneti, madigadi, hizo mara nyingi ni bati la chuma la unene kama wa milimita 0.7 hivi. Chuma hakilainiki kwa maji ya moto, wala kwa draya ya nywele. Hilo bati lilipopakwa rangi kiwandani lilipita kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi 150 na likatoka na umbo lake, sasa we na birika lako la nyuzi 100 unataka kulifanya nini? Watu wananijibu "lakini chuma kinatanuka". Ndiyo kinatanuka, tupige hesabu. Mita moja ya chuma inarefuka kama maikromita 12 kwa kila nyuzi moja. Bonyeo lako lina sentimita 10, umelipandisha joto nyuzi 60, limerefuka maikromita 72, ni unene wa unywele mmoja. Alafu hakuna kinachouambia huo unywele uelekee nje. Lile bati limezungukwa na bati lingine la baridi, halina pa kutanukia, kwahiyo linafuata upande ambao limeshapinda tayari, yaani ndani.

"Mbona kwa jirani yangu lilitoka?" Lilitoka kwa sababu lilikuwa limekaa kwa kushikiliwa tu. Kuna mabonyeo mapana ya juujuu, mtu kaegemea boneti, mpira umepiga mlango, hapo bati lenyewe halijavutika, limegeuka tu kama mfuniko wa kopo ukiubonyeza kwa dole gumba, tak, na ukiubonyeza kwa nyuma, tak, unarudi. Bonyeo la hivyo ukilipa sababu yoyote linaruka nje, baridi, mpira wa kuzibulia choo uliolowanishwa kingo, hata kusukuma kwa kiganja kwa ndani. Barafu inapewa sifa ya kazi ambayo bati lilikuwa linataka kuifanya tangu jana. Anza na kiganja kila siku, hakichomi rangi.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniudhi kuliko vyote. Kila mtu anaangalia shimo. Mi shimo naliangalia mwisho. Chukua taa ndefu ya mche, isimamishe pembeni ya mlango, inama mpaka uone mstari wa taa umelala kwenye rangi. Sehemu nzima mstari umenyooka, ukifika kwenye bonyeo unajikunja ndani, lakini kabla haujaingia ndani unapanda kidogo juu. Hapo unapopanda ndo penyewe. Bati liliposukumwa ndani, pembeni yake liliinuka likafanya ukingo, na ule ukingo ndo unalishikilia shimo lisirudi, kama kamba zinavyoshika hema. We unavuta katikati kwa kikombe cha mpira au kwa kishikio kilichobandikwa kwa gundi ya moto, unavuta, unavuta, ukingo umekaza, mwishowe katikati panatoka kichuguu na mduara wa bonde kukizunguka, na hapo umeshalivuta bati lenyewe, limekuwa na eneo kubwa kuliko nafasi yake. Bati likishavutika hivyo halina pa kwenda, ukilibonyeza huku linatokea kule, na wengi wanaishia kwenye puti, ule udongo wa kujazia mabonde, na msasa na rangi upya, kwa bonyeo ambalo lingeweza kutoka bila hata tone la rangi.

Inavyotakiwa ni kwenda na vyote viwili. Unavuta kidogo, unaangalia taa, unashusha ukingo kwa kijiti chenye ncha ya plastiki na nyundo nyepesi, tap tap tap, si kupiga, ni kama unabisha hodi kwa mgonjwa, unavuta tena kidogo. Ukingo ukishuka shimo linapanda karibu lenyewe. Ukisukuma kwa nyuma kwa fimbo ya chuma nayo ni hivyohivyo, misukumo midogo mingi, kila mmoja umeuona kwenye taa umetua wapi. Mtu aliyeingiza nyundo nyuma ya mlango akagonga mara tatu kwa nguvu, huyo ananiletea vichuguu vitatu.

Mengine ya harakaharaka. Kioo kiwe juu kabla hujaingiza chuma mlangoni. Weka sumaku, isiposhika kabisa hapo huenda ni alumini, nayo inarudi kwa ubishi na inavutika upesi, usijifunzie hapo. Ikishika kwa unyonge kuna puti chini, usivute kwa gundi, utaondoka na rangi. Gundi yenyewe unaiachisha kwa spiriti, usiibandue kwa kisu. Bonyeo lililokaa kwenye mstari wa mkunjo wa bodi au ukingoni mwa mlango pale bati lilipokunjwa mara mbili, hilo mpelekee fundi.

Na joto nalo lina nafasi yake, hapa mafundi wenzangu wananikumbusha na wako sahihi. Tunapasha, lakini tunapasha kwa ajili ya rangi. Rangi ya baridi inakatika, ya vuguvugu inajikunja na bati. Vuguvugu maana yake uweze kuweka kiganja pale na kukiacha, ikikuunguza umepitiliza.

Kuna kitu hatupendi kusema mbele ya mteja. Kabla sijaanza, nakisia. Naangalia ukali wa bonyeo, napitisha kidole, nagonga nisikilize bati linavyoitika, alafu nasema hili litatoka. Kuna siku naona bonyeo la kitoto, likatoka lote, na katikati rangi ikafanya ufa mwembamba ambao ulikuwa umeshaanzia siku ya ajali, tena hauonekani mpaka bati linyooke. Kuna siku nimemwambia mtu hili halitoki andaa hela ya rangi, likatoka. Miaka yote hii na bado bati linanikatalia, kwahiyo anayekuhakikishia bonyeo lako kupitia picha ya simu anakupa matumaini tu.

Mlango wa yule dada nimeupiga taa. Ukingo ulikuwa upande mmoja tu, wa juu, bati halijavutika hata kidogo, kiganja kwa ndani na kugonga ukingo kidogo vilitosha. Bonyeo lilichukua dakika 40. Rangi aliyoiunguza imechukua siku mbili.