Kombora la kurushwa kutoka ardhini ni lipi?

Hapa Goma kila kinacholia kinaitwa bombe. Mortier ni bombe, roketi ni bombe, gurunedi vilevile. Kwa mama anayekimbia na watoto, jina si shida yake. Lakini taarifa za redio zinapotaja kombora la "sol-air" au la "sol-sol", wanaokuja kwenye mafunzo yetu juu ya mabaki ya vita hutuuliza: hilo ndilo lipi sasa?

Majina hayo yanataja mambo mawili tu: linakotoka na linakokwenda. Sol-sol hurushwa kutoka ardhini likapige kitu kilicho ardhini. Sol-air hutoka ardhini pia, ila linawinda ndege, helikopta au drone. Kama limerushwa kutoka kwenye gari au begani mwa askari, jina halisemi. Halisemi linafika wapi, wala ni la nani.

Tena si kila kinachoruka na kuacha moshi nyuma ni kombora. Kombora lina mtambo wa kuliongoza likiwa hewani, ama kwa kufuata joto la injini, ama kwa rada, ama kwa njia nyingine. Roketi ya kawaida ikishatoka, imetoka. Gari la BM-21 Grad, lililoundwa Umoja wa Kisovieti miaka ya 1960, lina mirija 40 ya roketi za milimita 122, zinazofika kama kilomita 20. Hutoka ardhini na kupiga ardhini, lakini hazichagui nyumba. Zinamwagwa juu ya eneo zima. Kwa raia wa mtaani, hilo ni baya zaidi.

Sol-air ndilo linalotugusa sana sisi. Tarehe 24 Januari 2023, ndege ya kivita aina ya Sukhoi-25 ya jeshi la Kongo ilipigwa na kombora karibu na mpaka wa Rwanda, ikatua uwanja wa Goma huku inawaka. Kigali ilisema ndege ilivuka anga yake, Kinshasa ikakana na kusema ni uchokozi. Mnamo Februari 2024, Marekani iliitaka Rwanda iondoe mitambo ya makombora hayo katika ardhi ya Kongo. Wazee wa Maniema wana kumbukumbu chungu zaidi: tarehe 10 Oktoba 1998, Boeing 727 ilidunguliwa baada ya kuruka kutoka Kindu, na watu 41 waliokuwemo wakafa. Waasi walisema imebeba wanajeshi. Wengine walisema ni raia.

Kwa wanasheria na wanadiplomasia, mahali pa kurushia ni jambo zito. Mkataba uliotiwa saini na Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti tarehe 8 Desemba 1987 ulikataza makombora ya kurushwa kutoka ardhini yanayofika kati ya kilomita 500 na 5,500. Yaliharibiwa 2,692. Tomahawk, kombora la Marekani, ile ya kurushwa kutoka kwenye gari ikaondolewa, huku ndugu yake wa kwenye meli akiachwa, ingawa yule aliye mahali linapolipuka haoni tofauti. Marekani ilijitoa kwenye mkataba huo Agosti 2019, na mwezi huohuo ikajaribu tena kurusha kombora la aina hiyo kutoka ardhini.

Turudi kwetu. Makombora mengi ya begani huwekewa kifaa cha kujilipua hewani baada ya sekunde chache yakikosa ndege. Kifaa hicho kinaweza kugoma, na kombora likaanguka shambani likiwa zima. Tangu mapigano ya Januari 2025 vilipuzi vya aina nyingi vimeachwa mjini na vijijini, na watoto huvutwa na chochote chenye umbo la mrija au mabawa madogo nyuma.

Ukikuta kitu kama hicho, usikiguse, usikifunike, usikisogeze upate kukipiga picha vizuri. Rudi kwa njia uliyojia, wazuie wengine, umwambie chef wa avenue au wataalamu wa kutegua. Usihangaike kutafuta jina lake. Sema rangi, urefu wake ukilinganisha na mkono wako, kama kina mabawa, na mahali kilipo.