Codrington hakumkomboa mtu

Wengi huamini kuwa Christopher Codrington, afisa wa jeshi la Uingereza aliyepigana Namur, mji wa Ubelgiji ya leo, mwaka 1695, aliwapunguzia watumwa wake mzigo alipoliachia shirika la kimisionari la Kanisa la Anglikana mashamba yake ya miwa huko Barbados, kisiwa cha Karibi. Sivyo. Alipofariki mwaka 1710, wosia wake ulitaka watumwa wasiopungua 300 wabaki pale daima. Ni kweli uliagiza pia chuo cha dini na tiba. Hilo ndilo husimuliwa zaidi. Kinachorukwa ni chuma cha moto: watumwa walichomwa vifuani chapa ya SOCIETY, jina la shirika lenyewe. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1834, fidia ya pauni zaidi ya 8,800 ililipwa shirika. Waliolima hawakupewa hata senti.